Pale Picha Inaporuka

DVD iliruka mara ya kwanza pale askari alipoinua bunduki.

Kabla ya hapo ilikuwa imetembea vizuri, kwa adabu, kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Waombolezaji walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya Mama Ian, hapa Kianda, wote macho kwenye televisheni iliyowekwa juu ya meza ya kanisa. Jenereta ya kanisa ilinguruma nyuma ya choo, kwa sababu stima mtaani ilikuwa imepotea tangu fujo za kura zilipochacha. Kwenye skrini barabara ilijaa vijana na moshi wa matairi. Ian, kijana wa sekondari, alionekana wazi na shati lake jekundu, na kaka yake Walubengo ubavuni mwake. Askari akainua bunduki. Picha ikashtuka, ikakwama, ikaruka kama panzi, na ilipotua Ian alikuwa amelala chini na Walubengo hayupo.

"Rudisha hapo," mtu akasema.

Munyao, fundi wa video, akarudisha. Ikaruka tena, palepale.

"Huyu amekata!"

Aliyesema ni Khamala, muuza mitumba, mtu ambaye hata salamu huitoa kama matangazo ya mnada. Alisimama. "Amekata! Amemtoa askari ndio tusimjue. Si mkubwa wao ameingia serikalini juzi? Sasa wanafichiana."

Munyao akaelewa ni yeye anayesemwa, na kwa nini. Alikuwa Mkamba wa Machakos, na miaka yote aliyokaa Kianda akipiga picha za harusi na mazishi, Ukamba wake ulikuwa wa kutaniwa tu: mara aulizwe uchawi, mara aambiwe achonge kinyago. Lakini Januari hiyo, mkubwa mmoja wa kwao alipoingia kwenye serikali ambayo Kianda nzima ilisema imeiba kura, Munyao alilala jirani akaamka msaliti. Mke wake, Nafuna, alikuwa Mbukusu kama hao wenye matanga. Hiyo ndiyo iliyomfanya bado awe na mlango.

"Sijakata kitu, ndugu zangu," alisema, sauti ikimtoka nyembamba kama ya kuku. "Inaruka tu. Ni mashine."

"Mashine!" Khamala akamwiga. "Mbona harusi yangu haikuruka? Ilitembea smooth mpaka tukamwona shangazi akificha nyama kwa mkoba!"

Watu wakacheka. Kicheko cha matanga ni kitu cha kutisha, hasa kama anayechekwa anajua kwamba kikiisha kuna kitu kingine kinafuata. Wengine wakamtazama Walubengo. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa vijana wa base, kijiwe cha pale kwenye kona, na neno lake ndilo lililoamua nani apite na nani arudi. Muda wote huo alikuwa amesimama nyuma ya televisheni ameshika waya, kana kwamba waya ungetoroka.

"Bosi, sema kitu," Khamala akamwambia.

Walubengo akauzungusha waya kidoleni. "Kesho mchana," alisema bila kumtazama mtu. "Iwe inatembea."

"Na ikiruka?"

"Shemeji," Walubengo akamgeukia Munyao, "leo wewe ni shemeji yetu. Kesho sijui."

"Na usijaribu kujificha kwa dadako Kawangware," Khamala akaongeza. "Gatina si Amerika. Huko pia tuko."

Mama Ian hakusema kitu. Mwili wa mwanawe ulikuwa mochari ukingoja barabara ya kwenda Bungoma ifunguliwe, naye alikuwa ameketi mkekani akitazama skrini iliyozimwa, kama mtu anayengoja iendelee.

* * *

Ile video haikupigwa na Munyao. Ilipigwa na kijana mmoja wa base akiwa kwenye paa, kwa kamera ndogo ya dijitali ambayo hakuna aliyeuliza ilitoka duka gani. Siku chache baadaye kamera hiyo ikaibwa tena, ikabaki memori kadi. Kabla haijaibwa waliitazama kwa kile kioo chake cha ukubwa wa kiberiti, na watu walionekana kama siafu. Kwa hivyo hakuna aliyejua vizuri kulikuwa na nini mle ndani. Walijua tu kwamba Ian yumo, na askari yumo. Munyao mwenyewe aliiingiza kwenye kompyuta na kuichoma kwenye DVD kwa haraka, jenereta ya kanisa ikiwa ya kuazima, bila kuitazama.

Jenereta ya kanisa ilikuwa na petroli ya kesho tu. Kompyuta ilibidi iende penye stima, na stima ilikuwa Gatina, huko Kawangware, kwa Mwongeli, dada yake Munyao. Skrini yake ilishapelekwa huko juzi kwa mkokoteni pamoja na godoro na binti yao Mutanu. Ilibaki CPU.

"Watakunyang'anya hapo mbele," Nafuna alisema. "Vijana wa hizi barabara hawaachi hata redio ya mbao."

"Sasa nitaibeba aje? Kwa mfuko?"

Nafuna aliitazama CPU kwa muda, kisha akaitazama leso yake.

Na ndivyo walivyotoka Kianda, mume mbele na kibodi chini ya koti, mke nyuma na CPU imefungwa mgongoni kwa leso mbili, imevishwa kofia ya sufi na kufunikwa shali ya mtoto. Kwa mbali ungesema ni mtoto mnene aliyelala. Kwa karibu ungesema ni mtoto wa ajabu mwenye pembe nne.

Karibu na Dagoretti Corner walikuta kizuizi. Hawa walikuwa vijana wa upande ule mwingine, wa serikali, wenye mapanga yao na maswali yaleyale.

"Majina?"

"Munyao."

"Mkamba. Sawa. Na mama?"

"Mama Mutanu," Nafuna akajibu haraka. Jina la mtoto lilikuwa la Kikamba, nalo likamfunika mama yake kuliko ile shali. Kitambulisho chake, chenye jina la Kibukusu la baba yake wa Kimilili, kilikuwa ndani ya kiatu, na aliona kama kinapiga kelele huko chini.

Kijana mmoja mwenye kofia ya marvin, ile ya kubana kichwa, akamzunguka. "Huyu mtoi mnamlisha nini? Mzito hivi na halii." Akanyoosha mkono, akagonga kwa vidole juu ya kofia ya sufi. Ko, ko. Uso wake ukabadilika. "Mbona kichwa ni kigumu hivi?"

Munyao akaibana kibodi chini ya koti.

"Ni cha babake," Nafuna akasema.

Vidole vikabaki juu ya kofia. Kisha yule wa marvin akaangua kicheko, wenzake wakafuata, mmoja akampiga Munyao bega kwa ubapa wa panga kwa mapenzi tu. "Pita, mzee wa kichwa ngumu. Pita."

Walitembea bila kugeuka nyuma. Walipofika penye maduka Nafuna akashika ukuta, akatapika pembeni ya mtaro huku CPU ikimning'inia mgongoni. Munyao akamshikia kofia ya mtoto, maana hakujua kingine cha kushika.

* * *

Mwongeli alikuwa na chumba kimoja ghorofa ya pili. Kabla hawajamaliza kuchomeka nyaya, Kiragu akabisha. Huyu Kiragu alikuwa keateka wa ploti, msimamizi wa nyumba za kupanga, mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya.

"Munyao, karibu sana. Wewe hauna shida na mtu," alisema, akichungulia ndani. "Ni huyu mama. Ni wa wapi?"

"Ni wangu."

"Najua ni wako. Nimeuliza ni wa wapi."

Munyao akachomeka waya mwingine. Mutanu, aliyekuwa amekumbatia mguu wa mama yake, akasema kwa kujivunia, "Mama anajua Kibukusu!"

"Enhe," Kiragu akasema polepole, kama daktari aliyeona alichokuwa akitafuta. "Mimi binafsi sina neno. Ni wapangaji. Wanasema mtu wa huko akionekana hapa, tutaletewa moto. Kesho jioni nisimkute. Wewe na mtoto kaeni tu, hakuna mtu atawagusa."

Akaenda. Mwongeli akawa anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Baba Mutanu," Nafuna akasema kwa utulivu wa kutisha, "kule Kianda hawakutaki wewe. Hapa hawanitaki mimi. Sasa tutalala wapi, katikati ya barabara?"

"Nikiitengeneza hii DVD, Kianda watatuacha."

"Na ukishindwa?"

Munyao akawasha kompyuta.

Alikuwa amefikiria njia nzima, hata pale kwenye panga. Harusi ya Khamala haikuruka kwa sababu harusini watu hutembea polepole: bibi harusi akipiga hatua, anangoja wiki ndio apige nyingine. Video ya Ian ilikuwa ya moshi, mawe na watu kukimbia. Na yeye, kwa heshima ya marehemu, alikuwa ameweka ubora wa juu kabisa, kipimo hadi mwisho. Penye utulivu deki ya Mama Ian ilimeza vizuri. Penye fujo, data ilikuja nyingi kwa mara moja, deki ya bei rahisi ikapaliwa, ikaruka. Yaani ilikuwa imesongwa kwa kupewa chakula kingi. Zaidi ya hapo, ile kamera ilipiga picha thelathini kila sekunde, na programu ya DVD ikataka ishirini na tano, kwa hivyo nyingine zilikuwa zikitupwa njiani ovyo ovyo.

Kumbe kweli kulikuwa na kitu kimekatwa. Lakini nenda ukamwelezee Khamala hayo.

Alishusha ubora. Akabadilisha mpangilio ufuate thelathini za kamera. Akachoma DVD mpya kwa mwendo wa kasi kwa sababu hakutaka kungoja, akaweka kwenye deki ya Mwongeli. Ikaruka.

"Bado," Nafuna akasema.

"Nimeona."

"Sasa unaharakisha ya nini? Hiyo mashine inapiga kelele kama posho mill."

Akatoa DVD nyingine, safari hii ya bei ya juu kidogo, akachagua mwendo wa chini kabisa, akaketi juu ya mikono yake. Nje, upande wa chini, watu walipiga mayowe na mabati yakagongwa. Stima ikafifia. Taa ikawa ya manjano, feni ya CPU ikalalamika. Nafuna akaanza kuomba kwa lugha ya kwao; Mwongeli akakimbia kumziba mdomo ili wapangaji wasisikie lugha. Akaendelea kuomba ndani ya kiganja cha wifi yake. Stima ikarudi.

Ile DVD ilipotoka ilikuwa na joto. Munyao akaiweka kwenye deki, akabonyeza.

Ilitembea. Moshi ulipanda kama moshi, vijana walikimbia kama watu wanavyokimbia. Askari akainua bunduki, na sura yake haikuonekana kabisa, ilifunikwa na kofia ya chuma. Mlio. Ian akaanguka kwa goti moja. Hakulala. Akageuka, akanyoosha mkono, akashika suruali ya kaka yake. Walubengo akatazama chini, akautazama ule mkono. Akautikisa mguu mara mbili, kama mtu anayetoa tope kiatuni, mkono ukaachia. Akakimbia. Mlio wa pili ndio uliomlaza Ian.

Nafuna akazima televisheni.

"Mungu wangu," Mwongeli akanong'ona.

Walikaa mbele ya skrini nyeusi. Munyao ndiye aliyekuwa akiomba picha isiruke, na sasa angetoa chochote iruke.

"Hii ukiiweka mbele ya mama yake," Nafuna akasema, "Walubengo hatakuacha ufike hata kwenye lango."

"Nikipeleka ile mbovu, Khamala hataniacha nifike kwenye lango."

"Basi kata."

"Unasema nini?"

"Si una kompyuta? Itoe hiyo sehemu vizuri. Weka moshi hapo. Nani atajua?"

Munyao akamtazama. Alikuwa ameapa mbele ya watu wote kwamba hakukata kitu, na aliapa kweli. Akashika mausi. Akafika mpaka pale Ian anaponyoosha mkono. Mkono ulikuwa mwembamba, umesimama hewani kwenye skrini, na Munyao akashindwa kubonyeza. Haukuwa ushujaa, jamani, tusimpambe. Aliogopa tu. Alijua hajui kudanganya; akiulizwa mara mbili angesema yote, halafu itakuwa ni kweli amekata.

* * *

Alirudi Kianda peke yake mchana uliofuata, na DVD mbili: ile mbovu ya kwanza ndani ya karatasi mkononi, ile nzuri ndani ya shati, imebanwa na mshipi tumboni. Alikuta watu wamejaa kuliko jana. Hata waliokuwa hawajui kama Ian alikuwa mrefu au mfupi walikuja kuona kama Mkamba atarudi.

"Shemeji," Munyao akamwita Walubengo. "Tuongee kando kidogo."

"Ongea hapa!" Khamala akasema. "Siri za nini?"

Munyao akamsogelea Walubengo kama anayetafuta soketi, akainama karibu na sikio lake. "Iko ingine inatembea. Inaonyesha mpaka wewe. Mpaka mguu."

Aliona kitu ambacho hakutegemea. Walubengo, mkubwa wa base, alikuwa anatetemeka kidevu. Alikuwa amejua siku zote. Aliogopa ile televisheni kuliko Munyao alivyoiogopa.

"Weka ya jana," Walubengo akanong'ona.

"Wataniua."

"Weka ya jana, shemeji. Tafadhali."

Munyao akaiweka. Alifikiri Walubengo atamkinga. Picha ikatembea, ikafika kwa askari, ikaruka, na kabla haijatua mikono ilikuwa tayari kwenye kola yake. Hakuona ya nani. Kiti kikaanguka. Mtu akamkamata nyuma ya shingo, mwingine akavuta sikio, Khamala akawa anauliza umati swali ambalo jibu lake alikuwa nalo: "Tumfanyie nini huyu? Eh? Tumfanyie nini?" Mahali fulani nyuma, mtungi wa petroli ya jenereta ukaburutwa juu ya saruji.

Munyao akamtafuta Walubengo kwa macho. Walubengo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mkono wa Munyao ukaenda wenyewe tumboni, chini ya shati, ukaishika ile DVD. Ingetosha kuitoa. Ingetosha kusema, wekeni hii. Wangemwachilia yeye, wamshike mwingine, mbele ya mama yake.

"Anatoa kisu!" mtu akapiga kelele. Ngumi ikampata mdomoni.

"Mwachilieni kwanza," Mama Ian akasema.

Hakuwa amesema kwa nguvu. Lakini tangu matanga yaanze hakuna aliyekuwa amemsikia akisema kitu, kwa hivyo watu wakanyamaza kusikia sauti yake ikoje. Hawakumwachilia, ila waliacha kuvuta. Mama akanyanyuka kutoka mkekani akishika bega la mwanamke mmoja.

"Mimi sitaki kujua mashine imefanya nini," alisema. "Nimeitazama jana, nimeitazama leo. Kuna mahali panaruka. Walubengo."

"Mama."

"Wewe ulikuwa hapo. Haukuwa kwa mashine, ulikuwa hapo na macho yako. Nieleze. Hapo panaporuka, mtoto wangu alifanya nini?"

Jenereta ilikohoa. Walubengo akainua macho kutoka kwenye viatu. Akamtazama Munyao, akauona mkono ulioko ndani ya shati, na Munyao, ambaye hata leo hawezi kueleza kwa nini, akautoa mkono mtupu, akauonyesha, vidole vimetanuka.

"Aliniomba mkono, Mama," Walubengo akasema.

"Halafu?"

"Alinishika hapa." Akainama, akagusa suruali yake chini ya goti. Akabaki ameinama hivyo. "Nikamtikisa. Nikakimbia. Alikuwa bado mzima, Mama. Ya pili ndio ilimmaliza. Nilikuwa nimeshakimbia."

Wale wa nyuma wakaacha kusukumana. Khamala, mtu wa matangazo, alitazama juu kama anayetafuta mvua. Munyao alihisi vidole vikitoka kwenye kola yake, kimoja, kisha kingine, kila kimoja kikijifanya hakikuwepo. Mtu akaokota kiti kilichoanguka, akakisimamisha nyuma yake.

Mama Ian akamwendea mwanawe aliyebaki. Watu wote walingoja ampige. Alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akageuka bila kumgusa, akarudi mkekani, akajifunika leso usoni. Walubengo akabaki ameinama palepale, mkono chini ya goti.

Baadaye, wanawake wakaanza kugawa chai kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya, na chai angalau inajulikana. Mmoja akapita, akasita mbele ya Munyao, akamtazama mdomo uliopasuka, akamtazama Mama Ian mkekani, akarudi kumtazama Munyao. Akampa kikombe.

Simu ikalia. Alikuwa Nafuna, na nyuma yake ilisikika sauti ya Kiragu ikisema jambo kwa upole.

"Baba Mutanu? Uko hai? Wamekuachilia? Nije na mtoto ama nisije?"

Munyao aliwatazama watu. Hakuna aliyemtazama. Kati yake na njia ya kutoka walikuwa wamekaa vijana wa base, na mtungi wa petroli ulikuwa bado pale uliposimamishwa. Aliinua kikombe, chai ikamchoma kidonda.

"Sijui," alisema kwa sauti ya chini. "Bado sijui. Wamenipa chai."